Mtawa Kwenye Usukani

Katika shule ile ya udereva hakuna mwanafunzi aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mwalimu Breki. Mwanafunzi akikosea gia, "Breki!" Akichelewa kuwasha taa ya kukata kona, "Breki!" Akikohoa tu, "Breki, breki, breki!" na papo hapo Mwalimu anaikanyaga ile breki ya pili iliyofungwa upande wake, gari linasimama kwa kishindo, na mwanafunzi anabaki ameukumbatia usukani kama mtu aliyeopolewa majini.

Hakuwa mtu mbaya, jamani. Nje ya gari alikuwa mpole hata watu wakamsahau chumbani. Mkewe, mkunga wa hospitali, alimwona akipiga kelele mara moja tu, siku alipobanwa kidole na kabati. Lakini akishafunga ule mlango wa gari la mafunzo na kuvuta mkanda, mtu mwingine kabisa alikuwa anaingia naye.

Aliyemfikisha pabaya ni fundi keki, mama wa makamo mwenye wajukuu, aliyekuwa anajifunza gari ili apeleke keki zake mwenyewe harusini. Siku hiyo, katikati ya makutano ya sokoni, mama wa watu alizima gari, akafungua mlango, akashuka, akaenda zake kwa miguu bila kugeuka nyuma.

Jioni ile ile dada yake mkubwa, ambaye ndiye mwenye shule, alimwita ofisini.

"Kaa."

"Nitasimama, dada."

"Kaa, mdogo wangu, kabla sijakukalisha."

Akakaa.

"Yule mama anasema afadhali atembee na keki kichwani maisha yake yote."

"Dada, alikuwa anakwenda kuivaa nguzo!"

"Kaniambia. Anasema nguzo ilikuwa mbali, wewe ndiye ulikuwa karibu." Dada akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa blauzi. Hiyo ilikuwa dalili mbaya. Tangu utoto wao, dada akivua miwani hukumu imeshatoka. "Kuna darasa la kutuliza akili, ghorofani, juu ya lile duka la viatu. Jumamosi asubuhi. Anafundisha mtawa wa Kibuddha. Utakwenda. Usipokwenda, gari nampa mwalimu mwingine na wewe utakuwa unaosha magari."

"Yaani nibadili dini kwa sababu ya nguzo?"

"Nani kasema dini? Badili sauti."

Basi Jumamosi Mwalimu Breki akapanda zile ngazi huku amenuna. Juu alikuta chumba kipana chenye harufu ya ngozi mpya na gundi, iliyokuwa inapenya kutoka dukani chini. Viatu vimeachwa mlangoni. Watu wameketi sakafuni juu ya mito: mstaafu wa posta mwenye soksi zisizofanana, msusi mmoja na pacha wake, na wengine wachache waliokuwa tayari wamefumba macho kana kwamba wameambiwa kuna kitu hawatakiwi kukiona. Mbele yao aliketi mtawa mwenyewe, mwanamke mfupi, kichwa kimenyolewa kinang'aa, joho la rangi ya matofali, na mafua. Alipenga kamasi bila haya, akakunja leso, akatabasamu.

"Karibuni. Leo hatufanyi kitu kigumu," alisema. "Tunakaa, tunapumua. Hewa ikiingia, jua kwamba inaingia. Ikitoka, jua kwamba inatoka. Akili itakimbia, ndiyo kawaida yake. Ukigundua imekimbia, irudishe. Taratibu. Bila kuitukana."

Kazi gani hiyo, Mwalimu Breki akajisemea, hata mtoto mchanga anapumua. Akafumba macho. Hewa ikaingia. Kabla haijapata nafasi ya kutoka, yeye alikuwa ameshafika makutano ya sokoni. Amemwona fundi keki, ameiona nguzo, nguzo inakuja, mama haangalii, nguzo inakuja—

"BREKI!"

Alisikia sauti yake mwenyewe ikigonga ukuta na kumrudia. Mstaafu wa posta alianguka ubavu kutoka juu ya mto. Msusi alimrukia pacha wake. Kule chini dukani, rundo la maboksi likaporomoka, likafuatiwa na sauti ya mtu akimtaja Mungu. Mwalimu Breki alitamani sakafu ipasuke adondokee kwenye viatu, ajifiche ndani ya kimojawapo.

Alipothubutu kufumbua jicho moja, mtawa alikuwa anacheka. Hakuwa anamcheka, alikuwa anacheka kama mtu aliyefungua zawadi akakuta ndiyo hasa aliyoitaka.

"Umeona?" alimwuliza. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... makutano ya sokoni."

"Na sasa uko wapi?"

"Hapa."

"Basi kazi umeimaliza! Hii kazi si kukaa bila kwenda popote. Hakuna mtu hapa ambaye hajaondoka. Huyu babu alikuwa anakula samaki, nimemwona anatafuna. Kazi ni kurudi. Wewe umerudi kwa kelele, lakini umerudi."

Mstaafu wa posta, akiwa bado chini, alikiri kwamba ni kweli, alikuwa anakula samaki. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Mwalimu Breki, aliyekuwa ameapa moyoni kuwa hatorudi tena pale, akajikuta naye anacheka kwa aibu.

Kabla hawajaondoka, mtawa aliwafundisha jambo la kufanya nyumbani. Alisema kila mtu unayekutana naye anataka kufurahi na hataki kuumia, na hata yule anayekukera, asubuhi alivaa viatu vyake akitumaini siku itamwendea vizuri. Kwa hiyo mtakie mema kimoyomoyo: uwe salama, uwe na furaha, uwe mwepesi wa moyo. Anza na wewe mwenyewe. Kisha mtu umpendaye. Kisha mtu usiyemjua. Kisha yule anayekukera.

"Lakini jamani," akaonya huku anatafuta leso, "msikimbilie adui mkubwa. Anzeni na anayewakera kidogo."

Mwalimu Breki hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao wakati paa la nyumba yake likitengenezwa. Paa lilikwisha zamani. Mvua ilinyesha, ikahakikishwa kwamba halivuji. Mama mkwe bado yupo. Alikuwa mwanamke mcheshi, mchapakazi, asiyetulia, na kila asubuhi alikoroga chai yake kring, kring, kring, hata sukari ikiwa imeshasahau kwamba iliwahi kuwa sukari. Na tangu aje, funguo za gari hazikupatikana mahali pamoja, kwa sababu alikuwa anaziweka "mahali pazuri".

Kwa hiyo asubuhi, kring, kring, kring, mkwe akawa anasimama mlangoni pa jikoni, mkono kifuani, macho nusu yamefumba, anavuta pumzi, ananong'ona: "Mama, uwe salama. Uwe na furaha. Uwe mwepesi wa moyo." Kisha anaondoka kwenda kazini. Alijiona anaendelea vizuri sana. Hata kile kijiko kilianza kumpendeza kidogo.

Kufika katikati ya wiki, alirudi nyumbani akakuta begi limefungwa sebuleni. Mama mkwe yupo kochini, kitambaa kichwani, viatu vya safari miguuni. Mkewe amesimama katikati, mikono kiunoni.

"Mume wangu, umemwambia nini mama?"

"Mimi? Sijamwambia kitu!"

"Mwache, binti yangu, usigombane na mumeo kwa ajili yangu," mama mkwe alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha samehe. "Kila asubuhi ananiaga. 'Mama, uwe salama.' Siku ya kwanza nikasema labda ana safari. Siku ya pili nikaona, mbona amerudi? Ya tatu nikaelewa. Mtu akikuaga kila siku na yeye haendi popote, basi anayetakiwa kwenda ni wewe. Mimi si mtoto, baba. Ungesema tu."

Mwalimu Breki alijaribu kueleza, maneno yakagongana mdomoni kama abiria mlangoni. Alitaja mtawa, akataja viatu, akataja pumzi, akataja babu aliyekula samaki ambao hawapo. Kadiri alivyoeleza ndivyo mkewe alivyozidi kubana midomo, hadi akashindwa. Akaketi juu ya lile begi, akacheka, machozi yakamtoka.

Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kuzibwa macho.

"Subiri kwanza," alisema. "Umesema unaanza na wewe mwenyewe, halafu umpendaye, halafu usiyemjua, halafu anayekukera. Sasa mimi unanijua, na mke wako ni huyu hapa. Mimi niko fungu gani?"

Mwalimu Breki alimtazama mkewe. Mkewe alitazama dari.

"Kidogo, mama," akasema, jasho linamtoka. "Alisema tuanze na anayekera kidogo."

Bega moja la mama mkwe likatikisika. Kisha la pili.

"Kidogo!" alipiga ukelele. "Na mimi nilivyojitahidi!"

Alicheka hadi kitambaa kikamwanguka kichwani. Alicheka, akavua viatu vya safari, akavirusha upande mmoja. Alipopata pumzi alimnyooshea mkwewe kidole. "Jumamosi twende wote. Na mimi nina mtu wangu wa kumtakia mema hivyo hivyo."

"Nani, mama?"

"Wewe! Unadhani wewe hukeri?"

Wiki iliyofuata ndipo mambo yalipogeuka. Mwalimu Breki aliingia ofisini asubuhi akamkuta dada yake amesimama na mtawa, joho, leso na vyote.

"Mwanafunzi wako mpya," alisema dada, na macho yake yalikuwa yanacheza.

Kumbe mfadhili mmoja alikuwa amelipatia lile darasa gari kuukuu la viti vingi, ili wazee na wagonjwa wasiojiweza waletwe na kurudishwa. Gari lilikuwapo. Dereva hakuwapo. Mtawa hakuwahi kugusa usukani tangu azaliwe.

Mwalimu Breki alifunga mkanda. Angempigiaje kelele mtu huyu? Na asipopiga kelele, atafundishaje?

"Mwalimu, uko tayari?" aliuliza.

"Niko tayari, Mwalimu," alijibu mtawa, kisha akaushika usukani kana kwamba anataka kuung'oa.

Heri angekuwa fundi keki! Huyu mama, ambaye watu walisema aliwahi kukaa msimu mzima wa mvua katika ukimya bila kutetereka, alikuwa mwoga wa gari kupita kiasi, na alipoogopa alicheka. Gari likiruka, kwi kwi kwi. Likizima, kwi kwi kwi. Lori likitokea mbele, anacheka kwa sauti ya juu kama birika linalochemka, na mguu unasahau kabisa umekuja kufanya nini. Tena alisimama kwa kila kiumbe. Alisimama ili njiwa avuke barabara, na njiwa hakuwa anavuka, alikuwa anaishi pale. Waliopiga honi nyuma aliwainamia kichwa kwa heshima kupitia kioo.

"Mwalimu," Mwalimu Breki alimwambia siku ya kwanza, na sauti ilimtoka ndogo hata yeye akashangaa, "unapumua?"

Mtawa alifikiri. "Sijui, Mwalimu."

"Pumua kwanza. Gari litakusubiri."

Alipumua. Vioo vikaingia ukungu.

"Mimi naogopa," alisema mtawa, akimgeukia, uso mwekundu. "Unaona? Watu wanadhani ukivaa joho hili akili inatulia kama maji ya kwenye sahani. Akili yangu sasa hivi inakimbia kuliko hili gari. Tofauti ni kwamba naiona inakimbia. Basi. Sina kingine cha kukuringia."

Maneno hayo yalimwingia Mwalimu Breki kuliko mahubiri yote ya Jumamosi. Wakaenda hivyo hivyo. Yeye anamfundisha klachi, mtawa anamfundisha kutazama hasira. Alimwambia, ikija usiifukuze na usiitii, ichunguze. Iko wapi mwilini? Ina joto? Inataka nini? Na huyo mwenye kukasirika, hebu mtafute, yuko sehemu gani? Mwalimu Breki aliitikia, "Sawa, Mwalimu," bila kuelewa kitu.

Alikuja kuelewa kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, ule unaokutanisha njia za kila upande.

Waliingia vizuri tu. Tatizo lilikuwa kutoka. Kila walipokaribia njia yao, mtawa aliona gari linalotaka kupita, akalipisha. Wakaikosa njia, wakazunguka tena. Teksi ikaja, akaipisha. Wakazunguka. Pikipiki, akaipisha. Mwenye mkokoteni, aliyekuwa amejisimamia kando anafuta jasho, naye akapishwa, akapunga mkono kwa mshangao. Wakazunguka. Honi zilianza nyuma yao, moja, kisha kundi zima. Mtawa akaanza kwi kwi kwi. Askari wa barabarani, mwanamke mnene mwenye filimbi, aliyekuwa amewatazama kwa muda, alianza kutembea kuja katikati.

Na hapo Mwalimu Breki aliisikia inapanda. Ilitoka tumboni, ikapita kifuani, ikafika kooni, lile neno lake, limejaa, limeiva. Mguu ukainuka juu ya kanyagio. Mdomo ukafunguka.

Na kwa sababu ya mazoea ya zile siku, akatazama. Nani anataka kupiga kelele? Alikuta masikio, yanawaka moto. Alikuta koo, limekauka. Alikuta mguu uko hewani. Akamtafuta mwenyewe, yule bwana mkubwa mwenye hasira ambaye maisha yake yote alikuwa anamwogopa na kumtii, ili amwone uso. Hakumwona. Alitafuta tena, kwa bidii, kama mtu anayepapasa miwani kitandani. Masikio, koo, mguu. Hakuna mtu!

Kilichomtoka mdomoni hakikuwa "breki". Kilikuwa kicheko. Kilimtoka kwa nguvu hadi akagonga kichwa kwenye dirisha. Mtawa alimgeukia, akauliza, "Nini, Mwalimu, nini?" na Mwalimu Breki akajaribu kusema, "Hayupo! Nimemtafuta, hayupo!" Mtawa alielewa mara moja, akapiga usukani kwa furaha, honi ikalia, akashtuka, akacheka zaidi, na gari likaendelea kuuzunguka ule mzunguko polepole na wote wawili ndani wanalia kwa kucheka.

Askari aliwasimamisha. Aliinama dirishani, uso umekunjamana.

"Nyie! Mnazunguka nini?"

"Tunatafuta nafasi, afande," alisema mtawa, akifuta machozi kwa joho.

"Nafasi iko pale!"

"Ile nimempa yule wa mkokoteni."

Askari aligeuka, akamtazama yule wa mkokoteni, ambaye akampungia mkono. Akamtazama mtawa. Akamtazama Mwalimu Breki, ambaye alikuwa amejikunja juu ya mapaja yake anatoa sauti kama mbuzi. Akatia filimbi mdomoni ili awe mkali, akapuliza, lakini kicheko kilikuwa kimeshampanda naye, filimbi ikatoa sauti ya kifaranga. Ikawa basi. Alishika paa la gari, akacheka mpaka kofia ikamteleza, kisha akasimamisha njia zote, akawafungulia barabara kama viongozi wa nchi.

Siku ya mtihani ilipofika, Mwalimu Breki alivaa shati jipya. Alikuwa ameota mtawa anafaulu, dada yake anampa mkono, fundi keki anarudi na keki. Mtahini alikuwa mtu mrefu, mkavu, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Waliondoka. Wakarudi baada ya muda mfupi mno.

Kumbe pale kwenye alama za waenda kwa miguu, mtawa alikuwa amesimama kuwapisha watu wawili ambao hawakuwa na nia ya kuvuka. Walikuwa wamesimama kando wanapiga soga. Aliwaashiria wavuke. Wakakataa. Akawaashiria tena kwa tabasamu. Wakavuka kwa adabu. Walipofika ng'ambo wakakumbuka kwamba hawana shughuli huko, wakarudi, naye akawapisha tena.

"Amefeli," alisema mtahini, akaenda zake.

Mwalimu Breki alichemka. Alipiga teke gurudumu, akaumia. Mtawa alikuwa amenunua aiskrimu mbili kwa mwuzaji wa getini, akampa moja.

"Nimefeli," alisema, kama mtu anayesema leo kuna upepo.

"Na hukasiriki?"

"Nimesikitika." Aligusa kifua. "Hapa. Sikitiko lipo, linabana kidogo, nalisikia. Na aiskrimu nayo ipo." Akalamba. "Lakini mbona wewe ndiye unayechechemea? Nani kafeli, mimi au wewe?"

Mwalimu Breki aliutazama mguu wake. Kweli, aliyetaka kufaulu alikuwa yeye. Alikuwa ameushikilia ushindi ambao hata si wake, na sasa mikono inamuuma. Alihisi aibu, kisha akahisi aiskrimu inamtiririkia kwenye shati jipya.

"Mtakie mema yule bwana," alisema mtawa, akionyesha mtahini aliyekuwa anavuka uwanja.

"Mwalimu, ulisema tuanze na anayekera kidogo!"

"Umeshapanda darasa."

Alivuta pumzi. Alikusudia kunong'ona, lakini koo lake halikuzoea kunong'ona likiwa karibu na gari. "UWE SALAMA!" ilimtoka. "UWE NA FURAHA! UWE MWEPESI WA MOYO!"

Mtahini aliruka, kalamu ikamponyoka. Alisimama katikati ya uwanja, akageuka taratibu kama anayetarajia kurushiwa jiwe. Akamwona mwanamume mzima mwenye aiskrimu kifuani anampungia mkono. "Na... nanyi pia," alisema, na yale meno yakaonekana, mazuri tu, yenye mwanya.

Mtihani wa pili mtawa alifaulu. Alipisha waliotaka kupita, wasiotaka akawaacha na mazungumzo yao.

Safari ya kwanza ya lile gari kuukuu ilikuwa Jumamosi ya jua kali na upepo. Mtawa usukanini. Kando yake mama mkwe, ambaye alikwishakuwa mwanafunzi hodari wa darasa kwa maana ya kwamba alilala usingizi mzito dakika zote za ukimya na kuamka mchangamfu kuliko wote. Nyuma mstaafu wa posta, msusi na pacha wake, dada mkubwa aliyekuja "kukagua tu", mke wa Mwalimu Breki, yule mkunga, katika siku yake ya mapumziko, na wazee waliochukuliwa kutoka nyumba wanakotunzwa, mmoja wao amefungwa blanketi hadi kidevuni. Mwalimu Breki aliketi siti ya mwisho kabisa.

"Kushoto hapo, Mwalimu," aliita walipokaribia kona.

"Kulia!" alisema mama mkwe. "Kuna njia ya mkato, naijua."

"Mama, hiyo njia haina—"

Lakini mtawa alikuwa amempisha mwenye baiskeli, na kwa kumpisha akaingia kulia. Njia ikawa nyembamba. Ikawa ya changarawe. Nyumba zikaisha. Gari likapanda kilima kwa kugumia, abiria wote wakiinama mbele kulisaidia, likafika juu, likatoa moshi, likakohoa, likazima. Kila mtu aliufuata ufunguo kwa macho. Mtawa alijaribu kuliwasha, lilikataa.

Mbele yao hakukuwa na kitu ila nyasi, mteremko mrefu wa nyasi zinazolala na kuinuka kwa upepo, na mji kule chini mdogo kama vyombo vilivyoanikwa.

"Njia ya mkato ya kwenda wapi, mama?" aliuliza mkunga.

"Zamani ilikuwa inafika," alisema mama mkwe.

Walimgeukia Mwalimu Breki, hasa dada yake, ambaye alikuwa ameshaanza kuvua miwani. Mwalimu Breki alijikagua haraka haraka. Masikio, sawa. Koo, sawa.

"Fundi nitampigia simu," alisema. "Atachelewa. Si tushuke?"

Wakashuka. Walimbeba yule mzee na blanketi lake, wakamweka kwenye nyasi, naye akaitoa mikono yake miwili, akazishika nyasi kwa vidole, akasema hajui mara ya mwisho aliketi chini ilikuwa lini. Upepo ulichukua kofia ya mstaafu wa posta. Pacha wa msusi akaikimbilia mteremkoni akipiga vigelegele, akaikamata, ikamponyoka, akaikimbilia tena. Mtawa aliketi palepale alipokuwa, joho linapepea.

"Basi darasa ni hapa," alisema. "Hewa ikiingia, jua kwamba inaingia."

Walifumba macho. Kwa kitambo kifupi palikuwa na upepo tu. Kisha mama mkwe akaanza kukoroma. Mtu mmoja akapumua kwa pua kwa namna ya kujizuia. Mwingine akafuatia. Yule mzee wa blanketi akatoa kicheko chembamba, chakavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, na kikasambaa kwenye nyasi kutoka kwa mmoja hadi mwingine, dada mkubwa akiwamo, naye mtawa hakukizuia, alikiacha kiingie na kitoke.

Mwalimu Breki alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anamwaza fundi wa magari, kama atakuja na vifaa vyote, kama ataiona njia. Akagundua. Akarudi. Nyasi zilikuwa na unyevu, na suruali yake ilikuwa imeanza kulowa.